Gazeti Lililokatwa Tarehe

Kolo,
12 Juni 2024

Mwanangu Evodia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima na kazi za huko Mtumba zinakwenda. Sisi huku afya si mbaya. Bibi yako magoti yanamsumbua asubuhi, jua likipanda anasahau. Mahindi tumeshayaingiza ndani, alizeti bado.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu nimeziogopa. Ile picha uliyomtumia Faridi dukani siku ya Ijumaa ili anionyeshe, alinionyesha. Lakini kabla yangu alikuwa ameshaiweka kwenye kundi la Wasap la kijiji. Anasema jambo la watu wote haliwezi kukaa kwenye simu ya mtu mmoja. Picha unaijua mwenyewe: MIFUGO YOTE KUONDOLEWA KONDOA, herufi kubwa nyeusi, na chini yake mhuri wa wizara unayofanyia kazi. Tarehe haipo.

Tangu Jumamosi kijiji hakijakaa. Nyumba nne zimechinja. Tunakula nyama kila siku kama watu wa arusi, na hakuna anayecheka. Ofisi ya kijiji haijafunguliwa siku ya nne leo. Mwenyekiti Thobias anasema funguo zimepotea, lakini ukipita karibu na dirisha unasikia kondoo. Jirani yetu Joshua amepeleka mbuzi wake wote watano upande wa Babati kuwa mahari ya mwanawe Castory. Castory mwenyewe alikuwa shambani. Aliporudi ndipo akaambiwa ana mchumba, na binti mwenyewe ni mmoja aliyewahi kuonana naye mara mbili tu.

Ningecheka, lakini maneno hayo si mageni kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja watu wa serikali walipoyatangaza maneno hayo hayo, wakisema mifugo imeimaliza ardhi. Walikuja, wakahesabu, na babu yako akaondoka na ng'ombe saba kuwatafutia malisho nje ya mpaka wa eneo lililokatazwa. Hakurudi. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema haiwezekani, mimi najua iliwezekana.

Bibi yako sijamwambia. Nimewaomba majirani nao wasimwambie.

Wewe uko huko huko kunakotoka mihuri. Niambie, hii ni habari ya lini? Na kwa nini ulinitumia? Mpe kondakta barua, ataishusha kwa Faridi.

Baba yako,
Anselmi


Mtumba, Dodoma
14 Juni 2024

Baba yangu,

Milele amina, na shikamoo. Mimi ni mzima. Mwambie Bibi namsalimu, na magoti ayakande kwa maji ya moto.

Barua yako nimeipata leo mchana, nikaisomea masjala nikiwa nimesimama.

Baba, gazeti ni la mwaka 1979. Sisi hapa tunahamisha majalada ya zamani kwenye maboksi mapya, na jalada moja lina kurasa za magazeti zilizobandikwa na kupigwa mhuri wa kupokelewa. Nilipokiona kile kichwa cha habari nilikukumbuka wewe, unavyotusimulia jinsi babu alivyokuacha mlangoni. Nilitaka uone kwamba liliandikwa, kwamba si wewe peke yako unayelikumbuka. Nikaikata picha juu ili herufi zionekane vizuri kwenye simu ya Faridi. Tarehe ikabaki nje. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Sasa sikia. Jana wilayani wamepiga simu wizarani kuuliza agizo hili limetolewa lini, na mbona wao hawana nakala. Bi Ritha, mkuu wetu wa masjala, alitusimamisha wote sita mbele ya meza yake akauliza nani amepiga picha ndani ya jalada la serikali. Tukanyamaza. Wenzangu walinyamaza kwa kutojua, mimi nikajificha katikati yao. Unajua bado niko kwenye majaribio mpaka Septemba. Wakijua ni mimi, nitarudi nyumbani na begi.

Ndani ya bahasha kuna nakala ya ukurasa mzima, tarehe inasomeka. Wasomee kwenye mkutano, watulie. Ila nakuomba sana, usiseme imetoka kwangu. Na Faridi naye afute jina langu kwenye simu yake.

Nisamehe kwa kukuomba hivyo.

Mwanao,
Evodia


Kolo,
18 Juni 2024

Evodia,

Salamu. Naandika haraka, barua hii isikose basi la saa tano.

Jumapili baada ya misa Thobias aliitisha mkutano. Nikawasomea nakala yako, nikawaonyesha tarehe kwa kidole, mmoja mmoja. Joshua akauliza, "Karatasi hii imetoka wapi?"

Nikasema imetoka Dodoma.

"Dodoma kwa nani?"

Nikanyamaza, kama ulivyoniomba.

Akasema, "Anselmi, karatasi haina mwenyewe. Tarehe mtu yeyote anaweza kuibandika. Ile ya kwanza ina mhuri, hii yako ina wewe tu." Watu wakamwunga mkono. Mmoja akasema labda nimetumwa kuwatuliza ili wahesabiwe kwa urahisi. Evodia, nimezaliwa hapa, nimezika hapa, na juzi nilitazamwa kama mgeni.

Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba nilipoinua macho nilimwona bibi yako amekaa nyuma na akina mama. Sijui nani alimleta. Alisikia yote. Aliuliza swali moja tu: "Njia ni ile ile?" Nyumbani nikamweleza kwamba ni habari ya zamani, akasema sawa, akala vizuri.

Leo asubuhi hayupo. Yule mtamba mwekundu pia hayupo zizini. Fimbo yake haipo, wala lile blanketi la kijivu. Ana miaka themanini na tatu.

Nadhani amekwenda kwao Haubi. Naondoka sasa hivi kwa miguu kumfuata.

Baba


Mtumba,
19 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui kama barua hii utaikuta nyumbani, lakini naandika.

Nimepiga simu ya Faridi, imezimwa. Ya mwenyekiti inaita tu. Nimepiga kwa simu ya mwenzangu kwa kuwa yangu imechukuliwa. Baada ya kusoma barua yako jana jioni nilikwenda kwa Bi Ritha nikamwambia ni mimi. Akasema, "Siku tano umeniacha niwashuku watu watano." Hakupandisha sauti. Akaniambia nikabidhi simu. Kamati inakaa wiki ijayo, hawajasema siku. Nimeomba ruhusa nije nikusaidie kumtafuta Bibi, imekataliwa. Nikitoka kituo cha kazi kabla ya kamati itaandikwa kwamba nimetoroka.

Baba, sidhani kama amekwenda Haubi. Leo nimeomba kulisoma lile gazeti mbele ya Bi Ritha, lote, hadi ukurasa wa ndani. Wameandika mifugo ya Kolo itapitishwa njia ya kaskazini, kuelekea Bereko, hadi nje ya mpaka. Bibi aliuliza kama njia ni ile ile. Alikuwa anauliza njia ya Babu.

Geuka, Baba. Nenda Bereko.

Na ukiulizwa picha imetoka kwa nani, sema. Nilikosea kukufunga mdomo.

Mwanao,
Evodia


Mtumba,
24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Leo siku ya sita tangu barua yako. Nimekwenda stendi mara mbili. Kondakta anasema barua yangu aliishusha dukani, na kwamba barabarani kabla ya Bereko aliona watu wengi na mifugo, wanatembea upande mmoja, hakujua wanakwenda wapi.

Ni watu gani hao? Bibi amepatikana?

Kamati inakaa Alhamisi. Nitakwenda. Lakini niandikie hata mstari mmoja.

Evodia


Kolo,
30 Juni 2024

Mwanangu Evodia,

Tumsifu Yesu Kristo. Usishangae mwandiko, mkono wangu wa kulia haujapona. Nitakueleza. Bibi yako yuko hai, tena ni mzima kuliko mimi. Tumerudi jana.

Nilipoteza siku mbili Haubi nikiuliza nyumba kwa nyumba. Nikarudi Kolo nimevimba miguu, nikaikuta barua yako kwa Faridi. Siku hiyo hiyo nikapanda gari hadi karibu na Bereko, na hao watu aliowaona kondakta niliwakuta.

Bibi yako alikuwa mbele. Fimbo mkononi, blanketi begani, mtamba mwekundu pembeni yake. Nyuma yake kaya nane. Ng'ombe, mbuzi, punda waliobebeshwa vyungu na magodoro. Katika kila kitongoji alichopita watu walimwona mwanamke wa umri ule anahamisha ng'ombe, wakasema basi ile picha ni kweli, wakafunga mizigo. Kulikuwa na mama mmoja amebeba bata kwenye kapu. Nikamwuliza, bata naye ameandikwa? Akanijibu, "Hawakuandika kwamba hayumo."

Nikasimama katikati ya barabara nikawaambia warudi, gazeti ni la mwaka sabini na tisa.

Mwanamume mmoja mrefu, simjui jina, akaniuliza, "Wewe umejuaje?"

Nikasema, "Kwa sababu picha ilitumwa na binti yangu. Anafanya kazi kwenye wizara hiyo. Alinitumia mimi, kama kumbukumbu. Ilisambaa kwa bahati mbaya."

Yule mwanamume alikuwa ameacha alizeti yake shambani bila mtu wa kuiangalia, na siku moja kabla ndama wake alikuwa amevunjika mguu korongoni wakamchinja. Aliinua fimbo akanipiga hapa kwenye kiwiko. Akainua tena. Bibi yako akaingia kati yetu, akamwambia, "Huyu ni mwanangu. Ukimaliza na mimi ndipo uendelee naye." Yule mtu akaitupa fimbo chini akakaa juu ya jiwe akalia. Sikumchukia, Evodia. Hata sasa simchukii.

Wakaanza kugeuza wanyama. Nikamshika bibi yako mkono, nikamwambia, "Mama, umesikia. Si kweli. Twende nyumbani."

Akasema, "Nilikusikia tangu Jumapili. Niliona tarehe, hata kama sijui kusoma nilikuona unavyoionyesha."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Ninakwenda kuona alipofika."

Nilijaribu kumbembeleza. Nilijaribu hata ukali, Mungu anisamehe. Akaanza kutembea. Nikafanya nini? Nikamfuata, mkono mmoja nimeufunga kwa kanga yake.

Tulitembea siku mbili, tukilala kwa watu. Kila tulipokuta mzee wa rika lake, bibi yako alimtajia jina la babu yako na alama ya sikio la ng'ombe wake. Siku ya pili mchana mzee mmoja akasema, "Huyo mbona tulimzika sisi? Mke wake anaishi pale kwenye mikonge."

Akasema mke wake.

Anaitwa Paulina. Ni mdogo kwa bibi yako kwa miaka kama kumi, jicho moja halioni. Alitukaribisha, akatupa maji, na alipojua sisi ni nani akakaa chini mavumbini. Babu yako alifariki mwaka 1996. Aliishi pale miaka kumi na saba, Evodia. Kutoka nyumbani kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa basi.

Paulina hakuficha kitu. Alisema mwaka wa pili babu yako alikuja hadi mpakani. Walinzi wakamwambia yeye apite, ng'ombe wasipite. Alikaa pale kutwa nzima na ng'ombe wake saba, jioni akageuka nao. Baada ya hapo aliona aibu kutuma salamu, na aibu ikazoeleka.

Bibi yako alisikiliza mpaka mwisho. Nilimwangalia nikiogopa. Akasema, "Mimi nilidhani ameliwa na fisi. Miaka yote hii nawalaumu fisi."

Kisha akasema, "Kwa hiyo aliwachagua ng'ombe."

Paulina akajibu, "Ndiyo, dada. Na baadaye walikufa wote kwa ugonjwa wa ndigana."

Sijui nikuelezeje. Walitazamana, halafu bibi yako akaanza kucheka, na yule mwingine naye, wamekaa chini wote wawili, wanafuta macho kwa ncha za kanga. Mimi nilitoka nje. Sikuweza kucheka. Nilikuwa na miaka kumi na moja mlangoni, kumbe yeye hakuwa mbali.

Tulikaa siku nne. Nilionyeshwa kaburi, nikalifagia kwa mkono wa kushoto. Tulipoondoka bibi yako alimwachia Paulina yule mtamba mwekundu, maana hakuwa na mnyama hata mmoja. Nilipouliza akasema mtamba amechoka, asitembezwe tena.

Sasa niambie ya kamati. Na jua hili: nimekutaja mbele za watu. Habari imeshafika Kolo kabla yangu. Joshua hanisalimu.

Baba yako,
Anselmi


Mtumba,
2 Julai 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na pole ya mkono. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikaisoma kwa sauti chumbani kwangu kwa sababu nilitaka kumsikia Bibi.

Kamati imenipa onyo la maandishi na kuniongezea mwaka mmoja wa majaribio. Nilidhani watanitoa masjala ya zamani, lakini Bi Ritha amesema nitabaki pale pale kwa kuwa hakuna mwingine anayelitaka vumbi lile. Simu naiacha mlangoni kila asubuhi. Wale watano bado hawali chakula cha mchana na mimi. Nawaelewa.

Sikuwa na haki ya kukuacha usimame barabarani peke yako ukijibu kosa langu. Nimepewa ruhusa ya Jumamosi. Nitafika na basi la asubuhi na kurudi na la jioni. Mwombe Mwenyekiti aitishe mkutano. Nitasema mwenyewe, na Joshua aniulize lolote.

Naogopa, Baba. Nakuambia wewe tu. Niko tayari kuwaomba radhi wote, lakini Bibi sijui nitamwanzia wapi. Ni mimi niliyempeleka kwenye lile kaburi.

Mwanao,
Evodia


Kolo,
8 Julai 2024

Mwanangu Evodia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini ulifika salama na hukukosa kiti. Sisi tu wazima. Kiwiko kimeanza kukunjika.

Uliondoka mkutano ungali unaendelea, kwa hiyo nakuandikia yaliyofuata, maana uliondoka na uso mbaya.

Ulipopanda basi nilirudi mkutanoni, nikamkuta Joshua bado amesimama. Wewe ulimsikia alivyokufokea. Nilidhani atamalizia kwangu. Akasema, "Mbuzi wangu watano hawarudi. Nimekwenda Babati kuwaomba, mama wa binti amekataa, amesema mahari ikishapokelewa imepokelewa." Akamgeukia Castory. "Na wewe unasemaje?" Castory akajibu polepole kwamba yule binti si mbaya, na kwamba wameanza kuandikiana. Watu wakaguna. Joshua akakaa. Sijasema amekusamehe. Jana nilimpelekea mbuzi jike mmoja, akampokea bila neno, na leo asubuhi amenisalimu kwa kichwa. Tuache hapo kwa sasa.

Yule wa zile kaya nane aliyenipiga alikuja mwenyewe Jumapili kunijulia hali. Alileta debe la alizeti. Tuliongea habari za mvua.

Sasa Thobias. Kwanza ofisi imefunguliwa na imefagiliwa. Alisimama akasema kama gazeti la zamani limeweza kuwatembeza watu hadi Bereko, basi huko kwenye maboksi yako hapawezi kukosa habari nyingine. Akakumbusha kwamba alipokuwa mtoto iliandikwa gazetini kuwa Kolo itachimbiwa kisima kirefu, na baba yake aliwasomea. Wazee watatu wakasema hata wao wanaikumbuka. Wakakubaliana kwa kunyoosha mikono: kijiji kitaandika barua rasmi wizarani, yenye mhuri wa kijiji, kuomba nakala ya ukurasa huo. Ukurasa mzima, na tarehe yake. Thobias anasema mwaka huu ni zamu ya habari njema kuchelewa kufika. Usicheke, barua imeshaandikwa, iko njiani kwa Bi Ritha wako.

La mwisho ni bibi yako. Nilimpa maneno uliyoniambia stendi, ambayo ulishindwa kumwambia mwenyewe. Alikuwa anachambua mboga. Alisema hivi, nakunukulia: "Mwambie asiniombe radhi. Watu walikuwa wananipa pole ya mtu aliyekufa, nami sikujua amekufa vipi wala lini. Sasa najua. Kinachouma kinauma, lakini ni changu."

Mimi bado. Mimi nina hasira na yule marehemu, na sijui nitaiweka wapi kwa umri huu. Siku ukija likizo tutakwenda wote wawili kule mikongeni. Labda nikiwa na wewe nitaweza kusema naye kidogo.

Ningeandika zaidi, lakini bibi yako amekaa mbele yangu tangu nilipoanza, anaangalia karatasi inavyoisha. Kuna barua yake anataka nimwandikie Paulina, kuhusu namna ya kumkamua yule mtamba atakapozaa, na mengine ambayo amesema niyaandike bila kuyasoma. Nimemwambia haiwezekani kuandika bila kusoma. Amesema nijaribu.

Baba yako akupendaye,
Anselmi